Likizo ndefu ya chuo: naomba ushauri kuhusu kuosha dhahabu ya mtoni Chunya

mwalimu_mtarajiwa

Wakubwa zangu shikamooni, rika langu mambo vipi. Mimi ni binti niko mwaka wa pili hapa Mbeya nasomea ualimu. Likizo ndefu inaanza mwezi wa saba mpaka wa kumi na sitaki kwenda kukaa tu nyumbani, mzee amestaafu na kuna wadogo zangu wako sekondari, bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, nalo likiisha limeisha, na mwaka wa tatu kuna fildi na gharama nyingine ambazo najua kabisa nitazibeba mwenyewe. Nimeuliza kazi za dukani na kwenye vibanda vya miamala hapa mjini ila wengi wanataka mtu wa kudumu.

Sasa binamu yangu yupo Chunya, huko ndani ukishapita Makongolosi, anasema kwenye vijito vya milimani watu wanaosha mchanga kwa karai na wanapata dhahabu, hakuna kushuka shimoni, unaamka asubuhi unaingia mtoni jioni unauza pointi zako, vile vipimo vidogo vya dhahabu, hela unaishika siku hiyohiyo, na wanawake wapo wengi tu. Kushuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, siwezi na sitaki hata kujaribu, ila hii ya mtoni imenikaa kichwani.

Naomba anayeijua kazi hii kiukweli anieleze. Inalipa vipi kwa mtu anayeanza, vifaa ni nini na nini, kibali kinatakiwa au watu wanaingia tu, na kwa binti aliye peke yake usalama ukoje. Msinikatishe tamaa bila sababu ila na kunipamba msinipambe.

Mzee wa Karai

Marahaba binti. Mimi ni mzaliwa wa Chunya, baba yangu alikuwa mtu wa mtoni na mimi nimeosha miaka mingi kabla sijahamia kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, kwa hiyo nitakueleza taratibu, vumilia urefu.

Binamu yako hajakudanganya, dhahabu ya mtoni ipo na ndiyo iliyoianzisha Chunya yenyewe. Dhahabu ya Lupa, hukuhuku Chunya, iligunduliwa 1922 na ilikuwa hiyohiyo ya mchanga wa vijito, ilipofika miaka ya 1930 watu walimiminika huku Wazungu kwa Waafrika kila mtu na sururu lake, migodi mikubwa ya mwamba kama Saza ilikuja kushika kasi baadaye na Saza ikafungwa 1956. Sasa fikiria hapo, vijito hivyo vimeoshwa na watu kwa karibu miaka mia. Ile ya kuokota kwa macho babu zetu walishaimaliza. Kinachokuja sasa ni kile ambacho masika inakishusha kila mwaka kutoka kwenye mikanda ya mawe meupe huko vilimani, kinajikusanya tena kidogo kidogo, haiishi lakini haijai.

Halafu kuna jambo la majira, na hili nashangaa binamu hakukwambia. Likizo yako yote ni kiangazi. Huku mvua zinaanza Novemba hivi mpaka Aprili, ukija Agosti vijito vingi vimebaki mchanga mtupu na madimbwi. Lina uzuri wake maana mto ukikauka ndio unaweza kufukua kitanda chake mpaka ukafika kwenye mwamba wa chini, na dhahabu inalala huko, kwenye nyufa za mwamba na chini ya kokoto nzito, nyuma ya jiwe kubwa ambapo maji yalikuwa yanapunguza mwendo, na upande wa ndani wa kona ya mto. Wageni wanachota mchanga wa juu katikati ya mto kwa sababu ndio laini kuchota, wanashinda wanaosha hamna kitu. Ubaya wake ni maji ya kuoshea. Utafukua udongo mzuri halafu utaubeba kichwani mpaka dimbwini au utanunua maji kwa dumu, na hapo ndipo faida ya watu wengi inapozama.

Kuosha kwenyewe kunafundishika. Unajaza karai, unalizamisha, unavunjavunja udongo kwa mikono mpaka tope lote litoke na kokoto unazitupa, kisha unatikisa kwa nguvu huku karai likiwa limelala sawa ili vizito vishuke chini, ndipo unainamisha kidogo na kuacha maji yapitishe vyepesi nje, unarudia kutikisa, unainamisha tena. Dhahabu ni nzito kupita kiasi, kwa ujazo uleule ni kama mara 19 ya maji wakati jiwe jeupe halifiki hata mara 3, kwa hiyo ukiwa mtulivu si rahisi itoke. Mwishoni unabaki na mchanga mweusi, ule ni chuma chuma, ukikauka unautoa kwa sumaku. Ukiona kinachometameta kigeuze ukipeleke kivulini, ulanga unazima, dhahabu rangi yake inabaki ileile juani na kivulini. Ukikigonga na jiwe dhahabu inabonyea na kutandaa, ile ya uongo inapasuka.

Hesabu sasa. Gramu moja ni pointi kumi. Machi 2025 aunsi moja kwenye soko la dunia ilivuka dola 3,000, na aunsi ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu inakaribia dola mia na pointi moja ni kama dola kumi, na bei ilizidi kupanda baada ya hapo. Watu wakisikia hivyo wanachukua pointi tatu wanazidisha kwa siku thelathini wanaanza kujenga nyumba kichwani. Mto haulipi mshahara binti. Kuna siku utapata pointi mbili na kuna wiki hutapata hela ya sabuni, na wakati huo wote unakula na unalipa pa kulala. Kwa mtu anayeishi pale, ana shamba na nyumba yake, kuosha kiangazi ni nyongeza nzuri sana. Kwa mtu anayetoka nje na anategemea hiyo peke yake nakuambia kwa moyo mweupe ni kazi ngumu, mgongo na magoti yatauma kwanza kabla mfuko haujajaa.

Jiwe Jeupe

Mzee kaongea vizuri ila mi nasema aende tu. Mdogo wangu usiwasikilize sana waliokwisha toka. Kuna mama jirani kamsomesha mwanae mpaka kidato cha sita kwa karai. Bahati ya mtu ipo mbele yake, ukikaa hapo Mbeya unafikiria Oktoba itafika.

MamaMwalo

@Jiwe Jeupe huyo mama namwamini kabisa maana na mimi wanangu wamesoma kwa kazi hizihizi, ila huyo mama yuko pale masika na kiangazi, anajua kila kona ya mto, anadaiwa na kudai, hakuja na begi miezi mitatu. Tusimlinganishe na mtoto wa watu anayekuja mara ya kwanza.

Mwanangu mwalimu mtarajiwa, mimi nina mwalo mdogo wa kuoshea unga wa mawe ya dhahabu, nikuambie yale ambayo wanaume wanayaruka.

La kwanza ni zebaki. Utakapofika na mchanga wako mweusi wenye vumbi la dhahabu ambalo haliokoteki kwa vidole, mtu atakuja na kichupa kidogo atakwambia nipe nikukamatie. Anamwaga zebaki kwenye karai, anakanda kwa mkono mtupu, inashika dhahabu inakuwa kidonge cheupe, halafu anakichoma kwenye kijiko juu ya mkaa, mara nyingi ni jikoni kabisa na watoto wapo. Ule moshi huuoni vizuri na haukuwashi, ndiyo ubaya wake. Unaingia mwilini unaharibu mishipa ya fahamu na figo, mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, na wewe ni binti, kama kuna mimba hata changa unamfikia mtoto tumboni. Inayomwagika mtoni inaingia kwenye samaki na sote tunakula. Tanzania imeridhia ule mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kupambana na zebaki, tangu 2020 lakini vichupa bado vipo mtaani kwetu. Usishike, usikae chumba kinachochomwa, na usikubali mtu akuchomee karibu na unapolala. Kama lazima ichomwe basi ni kwenye ritoti, kile chombo kinachofungwa kinachorudisha moshi uwe zebaki tena, nje, upepo ukiwa unatoka kwako kwenda mbele.

La pili ni marudio. Hili halihusu karai tu, ila ukikaa pale wiki mbili utaombwa kujiunga na watu wanaonunua mifuko ya mawe wanasaga karashani wanaosha kwenye mwalo, na utaona ni bora kuliko mto. Mwalo ni ubao wenye mteremko umetandikwa blanketi au gunia, maji na unga wa mawe vinapita juu dhahabu inanasa kwenye manyoya. Haunasi yote, sehemu kubwa inapita na ule unga, na huo unga ndio marudio, na kwa desturi ya sehemu nyingi marudio ni ya mwenye karasha au mwenye mwalo, anayakusanya anayapeleka kwenye plenti za sayanaidi, mitambo ya kemikali, wanaitoa humo dhahabu iliyobaki. Mimi mwenyewe ndiyo ninavyoishi, sifichi. Ila nyie wageni mnaondoka mmefurahi na pointi zenu hamjui mmeacha mali kubwa kuliko mliyobeba. Kabla hujasaga hata mfuko mmoja uliza kwa mdomo wako, marudio ya nani, na kama wako wengi muandikiane.

La tatu, vumbi. Usikubali kazi ya kukaa karashani kupokea unga bila kufunga pua vizuri, lile vumbi la jiwe jeupe linakaa kwenye mapafu halitoki na TB inapenda kupita njia hiyo. Na mtoni kuna kichocho, ukirudi chuo nenda kapime hata kama hujisikii chochote.

Usalama wa binti: usikae kambini. Panga chumba Makongolosi au Chunya mjini, au kama huyo binamu ana familia kaa na mkewe. Kambi zina watu wema wengi lakini usiku ni pombe na hela mpya, siyo mahali pa mtu asiyejulikana anatoka kwa nani.

mwalimu_mtarajiwa

Asanteni sana jamani, mama yangu MamaMwalo na mzee Mungu awabariki, nimesoma mara mbili mbili. Suala la zebaki nilikuwa silijui kabisa, binamu alinitajia kama dawa tu. Bado kibali hakijajibiwa. Binamu anasema mtoni hakuna mwenyewe, ni mali ya Mungu.

nyanza_ke

Salamu kutoka Migori, Kenya. Hapa kwetu pia wamama ndio wengi kwa hiyo kazi ya kuosha, Kakamega pia, huko dhahabu ilianza rashi 1931 wakati wa mkoloni na mgodi wa Rosterman ulifungwa kitambo lakini hadi leo watu wanachimba mashambani mwao na kuosha. Vile mama amesema kuhusu mekyuri, hiyo zebaki, ni ukweli mtupu. Kitu ningeongeza, wanafunzi wengi huku wakifunga shule wanaingia kwa hiyo kazi wakisema ni ya likizo tu, halafu wanashika pesa kidogo, shule inafunguliwa hawarudi. Si ati ni wajinga, ni vile pesa ya leo inaonekana na digrii haionekani. Dada kama unaenda weka tarehe ya kurudi na umwambie mtu wa nyumbani akushike kwa hiyo tarehe.

Itumbi_Kwetu

Niongelee kibali maana hapo binamu anampeleka mtu pabaya.

Hakuna mto usio na mwenyewe kisheria. Madini yote yako chini ya serikali, mtu anachimba kwa leseni, ile ndogo tunayoiita PML ni ya Mtanzania tu, inatolewa kwa miaka 7 na inahuishwa. Chunya eneo kubwa lina leseni za watu, na kijito unachokiona porini kina uwezekano mkubwa kiko ndani ya leseni ya fulani. Ukikutwa unaosha humo bila makubaliano naye wewe ni mvamizi, na ukipata kitu kizuri ndio siku utakayomjua mwenyewe. Zaidi ya hapo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, ndiyo maana utaona mialo inayofuata utaratibu imejengwa mbali na maji, wanavuta kwa pampu au wanaleta kwa boza, na wanachimba mabwawa ya kutuliza tope. Wale wanaoosha mtoni moja kwa moja hufukuzwa kila mara na wanarudi kila mara. Dada mwanafunzi kukamatwa siyo jambo dogo, una jina chuoni.

Njia ni hii. Fika ofisi ya Afisa Madini Mkazi, Chunya ni mkoa wa kimadini unaojitegemea kwa hiyo ofisi ipo hapohapo mjini, huna haja ya kwenda popote. Waulize maeneo gani yana leseni hai na vikundi gani vya kina mama vinachukua watu wa msimu, watakuelekeza, hawali mtu. Halafu kuna kituo cha mfano cha STAMICO, shirika la madini la taifa, pale Itumbi hukuhuku Chunya, kimejengwa kwa ajili ya kuwafundisha wachimbaji wadogo uchenjuaji bora, yaani namna ya kuitenga dhahabu na mawe, vingine viko Lwamgasa na Katente huko Geita. Hata kwenda kuangalia tu kitakupa uelewa ambao wenzako wengi mtoni hawana.

Na ushauri wangu wa kazi, kama mtu anayekaa huku. Kwenye leseni nyingi kuna kazi ambazo hazihitaji shimo wala zebaki na zinalipwa kwa siku au kwa wiki: kuandika mifuko inayotoka duarani, kuandika zamu, kupika. Wenye maduara wengi wanagombana kila siku kwa sababu ya mgao, mifuko mingapi ya mwenye leseni, mingapi ya mwenye eneo, mingapi ya wachimbaji, na aliyeandika hayupo. Mwanachuo wa mwaka wa pili mwenye mwandiko mzuri na asiye na ndugu kwenye ule mgao anatafutwa. Ukifanya hiyo asubuhi mpaka mchana, jioni karai lako utaosha kwa ruhusa ya mwenye leseni na ukikosa hutalala njaa.

sigi_mlimani

Naomba niseme kidogo japo siyo Chunya. Mimi natoka Amani, Usambara Mashariki. Nyie mmesema milima na vijito nikakumbuka ya kwetu. Kati ya 2003 na 2004 dhahabu ilionekana Sakale na watu walikuja maelfu kwa maelfu, wakaingia mpaka ndani ya msitu wa hifadhi, vijito vikageuka tope, na maji yale ndiyo yanaingia mto Sigi ambao jiji la Tanga linakunywa. Serikali ikawatoa. Waliokuja hawakukaa hata kuona vijito vikisafika, sisi ndio tuliobaki na mashimo mashambani, ng'ombe wanatumbukia, na udongo wa iliki uliochukua miaka kujitengeneza umeoshwa kwa wiki chache. Sisemi dada asiende, njaa ya ada naijua. Naomba tu ukishafukua kitanda cha mto rudishia, na tope usilirudishe kwenye maji yanayotembea, chini yako kuna mtu anachota ya kunywa.

mwalimu_mtarajiwa

Nimewaelewa wote. Nimeongea na binamu leo nikamuuliza ile sehemu leseni ni ya nani, hakuwa na jibu, akasema atauliza. Mke wake amekubali nikae kwao. Nafikiria niende Chunya wiki ya kwanza ya likizo nifike ofisini kwa Afisa Madini kwanza kabla sijanunua hata karai, halafu niulizie hiyo kazi ya kuandika mifuko, nina daftari na naweza kutumia kompyuta pia.

Swali langu lililobaki, nikipata hata pointi chache nauza wapi? Binamu anasema wanunuzi wanakuja hapohapo kambini na mizani.

Mzee wa Karai

Usiuze kambini. Siyo tu kwamba mizani ya mfukoni inasema anachotaka mwenye nayo, ni kosa, tangu masoko ya madini yalipoanzishwa 2019 biashara ya dhahabu ni sokoni, na Chunya mjini soko lipo. Dhahabu yako itapimwa usafi kwa mashine maana ya mtoni huwa imechanganyika na fedha kidogo, hailipwi kama safi kabisa, kisha inapimwa uzito mbele yako na bei elekezi ya siku imebandikwa ukutani unaisoma mwenyewe. Serikali inakata mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, na kuna makato ya halmashauri madogo. Watu wanakimbia hayo makato wanauzia kambini halafu wanapunjwa mara mbili yake kwenye mizani, nimeliona hilo maisha yangu yote.

Watakuuliza imetoka leseni gani. Kwa hiyo yule mwenye leseni aliyekuruhusu akupe karatasi au aende na wewe, na wengi hukusanya za watu wao wote wakaenda siku moja kwa jina la leseni, hapo hakikisha za kwako zimepimwa na kuandikwa kabla hazijachanganywa na za wengine. Maana ukishakuwa wewe ndiye mwandishi wa mifuko hilo litakuwa rahisi.

Na njoo na sweta. Barabara ya Mbeya kuja Chunya inapita juu kabisa kwenye mlima, mwezi wa saba asubuhi kule baridi inauma hadi mifupa, ukishuka huku bondeni jua litakuchoma. Ukifika ulizia makarashani, utanipata.

MamaMwalo

Na mimi niko karibu na hapo hapo, mwanangu. Nitumie ujumbe ndani ya boksi ukishajua tarehe, kuna kikundi chetu cha kina mama kina leseni na tulikuwa tunatafuta mtu wa kutuwekea vitabu vya mgao mpaka mvua zianze.